Muulizeni Mwenyewe

Msikilizaji, ukiwa na mtoto mwenye ulemavu ndani ya nyumba unalizoea jibu moja linalotolewa kwa kila jambo. Mtoto kalala mchana kutwa: ndivyo walivyo hao. Kanuna, hataki kusemeshwa: ndivyo walivyo. Ana miaka ishirini na miwili, aliacha kukojoa kitandani tangu utotoni, leo godoro limelowa: pole mama, hawa ndivyo walivyo. Jibu lenyewe linatolewa kwa upole, tena mara nyingi na mtu aliyekuja kukufariji, na ndiyo maana hakuna anayelipinga. Mimi naliogopa kuliko tusi. Tusi utalijibu, hili linakufanya ukae kitako.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amezaliwa na sindromu ya Down. Tunaishi Tanga, nyumba zetu zinatazamana. Kwa wiki kadhaa alikuwa anamaliza jagi la maji na kurudi tena mtungini. Usiku anaamka kwenda chooni, analala, anaamka tena. Madera yakaanza kumpwaya mabegani. Aliyeshtuka wa kwanza hakuwa mama yake wala mimi, bali bibi yake, aliyeingia chooni alfajiri akakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka ukutani hadi sakafuni. Wazee wanaijua alama hiyo: mkojo wenye sukari hauishiwi wageni. Akatoka na kopo bado liko mkononi, akasema, "Huyu apelekwe akapimwe leo. Leo, si kesho." Mashine ikasoma 24. Ili uielewe namba hiyo, mtu mwenye dalili kama zile akipimwa saa yoyote na kukutwa na 11.1 kwenda juu, hicho ni kisukari. Kwa aliyelala bila kula, mpaka ni 7.

Nieleze kidogo, maana mtaani maneno hayaishi. Kisukari chake ni cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, imegeuka ikashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ikikosekana, sukari inabaki kwenye damu na mwili unashinda na njaa huku chakula kipo. Hakikuletwa na chai yenye sukari nyingi, hakikuletwa na keki ya Idi, wala si jicho la mtu. Dada yangu alihesabu kila andazi alilowahi kumpa mwanawe, akalia kwa ajili ya maandazi hayo, na hakuna hata moja lililohusika. Watu wenye sindromu ya Down hupata aina hii ya kisukari mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, kama wanavyopata zaidi matatizo ya tezi ya shingo, ambayo nayo huleta uchovu. Hilo madaktari wanalijua. Dada yangu amehudhuria kliniki na binti yake tangu akiwa mchanga, na hakuna aliyemwambia ajihadhari na kiu.

Wapo vijana wenye ulemavu wanaofikishwa kwenye kisukari kwa njia nyingine, ile aina ya pili: anayetumia kiti cha magurudumu asiye na pa kufanyia mazoezi, au anayemeza dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini, zinazoongeza uzito na kupandisha sukari. Hao wengi huanza na vidonge. Mimi leo nazungumzia sindano, kwa kuwa ndiyo ninayoiona kila asubuhi.

Lakini wa vidonge na wa sindano, la kupima sukari ni la wote. Sukari ya aina ya kwanza ikiachwa ipande bila insulini, mwili unaanza kuchoma mafuta na damu inajaa asidi. Mtu anatapika, tumbo linamkata, anavuta pumzi ndefu na nzito, na pumzi hiyo inanuka matunda yaliyopitiliza kuiva. Kijana anayejieleza atasema, tumbo linaniuma. Asiyejieleza atajipiga kichwa, atasukuma sahani, atampiga mdogo wake. Nyumbani watasema leo kaamka vibaya. Na mwenye kifafa vilevile: sukari ikishuka sana mtu hutetemeka na kuanguka, na wanaomzunguka wakasema ni kifafa chake kile kile. Kwa hiyo kijana wako akibadilika ghafla, pima sukari kwanza, mengine mtayajua baadaye. Ni tone la damu na sekunde chache.

Sasa nifike kwenye lililonileta mbele ya maikrofoni.

Siku moja ya kliniki tuliingia watatu, dada yangu, mpwa wangu na mimi. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, kwa kweli sina neno naye. Akamgeukia dada yangu. "Mama, asubuhi anakula nini?" Dada akajibu. "Anachomwa wapi?" Dada akajibu. "Anasikia kizunguzungu?" Hapo dada akasita, maana kizunguzungu cha mtu mwingine utakijuaje? Muda wote huo mwenye mwili kakaa katikati yetu na daftari lake mapajani, macho yanakwenda huku na huku kufuata midomo. Mwisho akachoka, akasema kwa sauti ya kuita mtu wa ng'ambo, "Mimi nakula muhogo! Na mbaazi!" Daktari akacheka, akakigeuza kiti chake, na maswali yaliyofuata yakaelekezwa panapostahili. Kizunguzungu? "Hapana. Miguu inalegea." Miguu kulegea hakukuwa kumeandikwa popote. Mama yake alikuwa akidhani ni uvivu wa kwenda dukani.

Muulizeni mwenyewe. Jibu likija nusu, mama yupo, atajazia. Asiyesema kwa mdomo mtazameni, ana ishara zake na wa nyumbani wanazijua. Kiziwi apatiwe mkalimani wa lugha ya alama, asitegemee mama kumtafsiria habari za mwili wake mwenyewe, maana vijana wana mambo wasiyotaka mama ayasikie, na hao wetu nao ni vijana.

Si kwamba hakuna wa kusemewa. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, mjini Toronto, Kanada, Januari 1922. Alikuwa amekonda hadi kilo 29 hivi. Sindano ya kwanza haikumfaa kwa kuwa dawa ilikuwa haijasafishwa vizuri. Iliyofuata, siku kumi na mbili baadaye, ikaishusha sukari, na akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo mtoto kama yeye aliwekewa mlo wa kumkondesha ili asogezewe siku. Aliyekubali sindano ile ichomwe ni baba yake, na ilikuwa haki, Leonard alikuwa mtoto. Mpwa wangu si mtoto. Tumeshazoea kumwita mtoto, naye mwenyewe hapendi. Marekani, mwaka 1983, mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi; leo ni karibu 60. Ukipiga hesabu hiyo, binti huyu ana miaka mingi mbele yake pamoja na kisukari, na katika miaka hiyo mama yake hatakuwepo yote. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata ikatunga sheria yake. Yote hayo yanamtambua kuwa mtu mzima. Kilichobaki ni sisi wa nyumbani.

Kazi za kisukari ni nyingi na si zote zinataka hesabu. Kunawa mikono ni kazi. Kuchagua kidole ni kazi, tena yeye anajua zaidi yetu kwamba pembeni ya ncha hapaumi kama katikati. Kuweka stripu kwenye mashine, kusubiri namba, kuisoma kwa sauti: anazijua namba, hata kama hajui kila moja ina maana gani. Kipo kipande cha kazi ambacho hakuna anayemshinda. Insulini aliyopewa ni ile ya mchanganyiko, yenye weupe. Ikikaa, dawa inatuama chini na juu panabaki maji, na mwenye haraka akivuta hivyo hivyo anajichoma kipimo kisichojulikana. Haitikiswi. Inabiringishwa katikati ya viganja, taratibu, mpaka weupe uenee chupa nzima. Mama yake hana subira hiyo, ana chai jikoni. Mpwa wangu anakaa kwenye kigoda, anaibiringisha, anaiinua juu ya mwanga wa dirisha, anaishusha, anaibiringisha tena. Bila idhini yake sindano haivutwi.

Kuvuta dawa ni kazi ya mama au kaka yake, na mwingine anatazama mstari kabla haijachomwa. Baada ya hapo mwenyewe anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Alama hiyo msiidharau. Katika nyumba zetu zenye watu wengi, hatari si kusahau sindano tu. Ni kuichoma mara mbili. Mama kachoma, katoka. Dada mtu karudi sokoni, kaona saa imefika, kachoma tena kwa mapenzi mema kabisa.

Na saa yenyewe, jamani, ni redio. Watu wenye sindromu ya Down wengi wanapenda mambo yaende kwa mpangilio ule ule, na watu wamelichukulia hilo kuwa kasoro, kumbe kisukari ndicho kinacholitaka. Insulini ya aina hii inachomwa nusu saa kabla ya kula, asubuhi na jioni, siku zote wakati ule ule. Mlio wa saa kabla ya taarifa ya habari ukilia, mpwa wangu ameshasimama kwenda kunawa. Watangazaji wenzangu, mkichelewesha taarifa hata kwa dakika tano, jueni Tanga kuna mtu anawasema.

Chakula nacho hakikutuletea vita tulivyovitarajia. Mama yake alichukua sahani ya bati, akachora mistari kwa rangi ya kucha: nusu nzima mchicha, kisamvu au mboga nyingine, robo wali, ugali au muhogo, robo samaki au maharage. Binti anapakua mwenyewe na hakubali kuvuka mstari, wala hakubali wewe uvuke ukiwa unampakulia.

Vita vilitoka nje ya mlango. Mtaani kila mtu ni shangazi yake. Muuza duka anampa pipi ya bure. Mama anayekaanga kaimati anamwita, "Njoo, masikini wangu." Msibani anawekewa soda ya pili, harusini ya tatu, na ukimkataza mtu anakutazama kama katili: mpe tu, raha yake ndiyo hiyo. Hapo ndipo ninapokasirika. Raha yake ndiyo hiyo kwa kuwa ndiyo pekee tuliyomfikiria. Hatukumpa kazi, hatukumpeleka kwenye mpira, hatukumuuliza anapenda nini. Tumempa pipi tukaona tumemaliza. Huruma ya namna hiyo ni rahisi, bei yake shilingi mia, na anayeilipia ni kongosho lisilofanya kazi.

Kumficha ndani kusingekuwa dawa. Tulizunguka, dada na mimi, nyumba kwa nyumba. Muuza duka tulimwomba abadilishe pipi kwa karanga. Akakubali, akauliza na dalili za mama yake mwenyewe. Mama wa kaimati alikuwa mgumu. Tukakubaliana naye kwamba kaimati zitaliwa nyumbani, kwenye sahani, ndani ya robo ya wanga. Hakuna daktari wa maana aliyewahi kutuambia tamu zote ni haramu kwake. Wametuambia ziingie kwenye hesabu.

Ramadhani ilileta mtihani wake. Mgonjwa wa aina hii ana ruhusa ya kula, shehe wetu hakuwa na la kujadili. Lakini mpwa wangu hakutaka ruhusa, alitaka kukaa mkekani na wenzake. Basi akapewa kazi ya tende. Adhana ya magharibi ikianza, yeye ndiye anayezungusha kikombe, kila mmoja tende yake, na hakuna anayefungua kabla hajapita. Sindano yake anakuwa ameshachomwa, na futari yake imepangwa kwenye sahani ya mistari.

Kushuka kwa sukari ndiko kunakotisha zaidi nyumba mpya kwenye ugonjwa huu. Chini ya 4 ni hatari. Vitabu vinataja jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kwa mpwa wangu ni miguu kulegea na ubishi. Anakuwa mbishi kwa jambo la kijinga kabisa, kama rangi ya ndoo. Kila kijana ana alama zake, na zinapaswa kuandikwa mahali ambapo hata mgeni ataziona. Dawa iko jikoni: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini rudia, ikipanda mpe chakula. Kama amepoteza fahamu, au kumeza kunamtatiza kama ilivyo kwa vijana wengi wenye mtindio wa ubongo, usimimine kitu mdomoni. Mlaze ubavu, tafuta usafiri.

Kuhusu kuhifadhi, wengi hawana friji na wanaona aibu kulisema kliniki. Lisemeni. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, lakini isigande. Jirani anayeuza barafu ana friji zuri kwa barafu, na insulini iliyoganda ndiyo imekufa, hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa ina unafuu. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, watu wa shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières walipima jinsi joto linavyopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini katika joto hilo kwa wiki nne. Haikupoteza nguvu. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Dada yangu anatumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu. Umeme ukikatika hatukimbizani.

Ipo na habari ya umri. Mipango ya insulini ya bure kwa watoto na vijana nchini ina kikomo cha miaka, na kikomo hicho hakimuulizi mtu kama ana kipato. Ulizeni mapema, kabla siku ya kuzaliwa haijafika, mtahamia wapi na mtalipa nini.

Swali la nani atabaki naye, kila mzazi wa mtoto mwenye ulemavu analala nalo. Kisukari kimelifupisha. Zamani dada yangu aliliogopa la baada ya kufa. Sasa anaogopa hata safari ya siku mbili. Ndiyo maana tumejifunza wengine. Mimi nilijifunzia kwenye chungwa, kwa maji, mpaka muuguzi akaridhika. Kaka yake alijifunza. Bibi amekataa kuchoma, macho, lakini kalenda anaikagua kuliko sisi wote.

Kinachotusumbua wiki hii ni harusi. Binamu yake anaolewa Pangani, kulala ni huko huko, na dada yangu hawezi kwenda. Alisema hapana. Mpwa wangu hakulia. Alileta kalenda, akaonyesha alama zake moja baada ya nyingine, akauliza ni ipi imekosekana. Basi anakwenda, na kaka yake, na mfuko wenye mashine, stripu, mabomba, dawa kwenye kitambaa kilicholowa, na karatasi ya vipimo. Kilichobaki ni ubishi wa soda. Mama yake anasema maji matupu. Mwenyewe anasema daktari alimwambia, yeye, kwa mdomo wake, kwamba sukari ikishuka soda ni dawa. Kwa hiyo lazima awe ameshika chupa mkononi harusi nzima, kwa tahadhari. Dada yangu hajapata la kumjibu.